Wakati Unapofurika Ndani ya Kompyuta: Kukataa, Kubana au Kupanua?

Mwaka 2024, wateja wa umeme wa kulipia kabla katika Afrika Mashariki walipokea namba nyingi kuliko walizozoea. Nchini Tanzania mwenye mita ya LUKU, na nchini Kenya mwenye mita ya tokeni, alinunua umeme akaletewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kusasisha mita. La tatu ndilo lililobeba uniti. Tarehe ya mwisho ilikuwa moja: Novemba 24, 2024. Mita ambayo haijasasishwa ingekataa umeme wowote utakaonunuliwa baada ya hapo.

Matangazo yalieleza la kufanya, lakini kwa wengi sababu haikueleweka. Kwa nini tarehe ile, na kwa nini dunia nzima kwa pamoja? Chanzo kilikuwa hesabu. Kila tokeni ya kiwango cha kimataifa cha STS ilibeba namba ya utambulisho ambayo ilikuwa idadi ya dakika tangu Januari 1, 1993. Namba hiyo ilitengewa biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, kwa hiyo haikuweza kupita 16,777,215. Dakika hizo ziliisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita, ambayo imepangwa kukataa tokeni ya zamani kuliko zile inazozikumbuka, ingeiona tokeni ya leo kuwa ya mwaka 1993.

Huko ndiko kufurika kwa wakati. Tukio lijalo linalotajwa sana ni la mwaka 2038, na maneno kulihusu yamechanganyika: wapo wanaosema kompyuta zote zitazimika, wapo wanaosema tatizo lilishatatuliwa zamani, na wapo wanaolichanganya na tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Kwa vijana wanaojifunza kuandika programu Gitega, Burundi, na kwa ofisi zinazotegemea programu hizo hadi mpakani Muyinga, swali lenyewe ni jembamba zaidi. Hesabu ya wakati inapopita ukingo, maktaba sanifu ya lugha ya programu ifanye nini?

Usuli: hesabu inavyojaa

Maktaba sanifu ni fungu la zana zinazokuja pamoja na lugha: kusoma saa, kujumlisha siku, kupima muda uliopita. Mwandishi wa programu huzitumia bila kuziandika upya, na mara nyingi bila kujua zinavyofanya kazi ndani. Uamuzi uliofanywa humo mara moja hurithiwa na maelfu ya programu.

Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, saa sita usiku kwa UTC, saa sanifu ya dunia. Mifumo ya zamani iliweka hesabu hiyo katika biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. Namba kubwa kabisa inayokaa humo ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa 03:14:07 kwa hesabu ya UTC. Gitega itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Sekunde inayofuata, mfumo usiotengenezwa utaruka kinyumenyume hadi Desemba 13, 1901.

Kosa ni kudhani tatizo hilo linasubiri mwaka huo. Chukua mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliotiwa saini Gitega mwaka 2025. Malipo ya mwisho ni mwaka 2040. Programu inayohifadhi tarehe katika biti 32 inashindwa siku ile ile mkopo unapoandikwa, kwa sababu tarehe ya kumaliza haina mahali pa kukaa.

Kuna saa za aina mbili ndani ya mashine, na kuzichanganya ni chanzo kikubwa cha makosa. Saa ya kalenda inajibu "leo ni lini?" Inaweza kurudishwa nyuma na mtandao, na mkono wa mtu, au na betri iliyokufa baada ya umeme kukatika. Saa ya kupimia muda inajibu "zimepita sekunde ngapi?" Hiyo huhesabu mbele tu tangu mashine ilipowashwa. Januari 1, 2017, sekunde moja ya ziada ilipoongezwa kwenye saa ya dunia, sehemu ya huduma ya majina ya intaneti ya kampuni ya Cloudflare ilianguka. Programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilidhani muda uliopita hauwezi kuwa chini ya sifuri. Agosti mwaka huo toleo la Go 1.9 lilitoka likiwa limebeba saa zote mbili ndani ya aina moja ya wakati.

Muyinga, Kobero na saa ya jirani

Kabla ya kuendelea, jambo moja litengwe. Barabara inayotoka Muyinga hufika Kobero, kituo cha mpakani ambako bidhaa nyingi zinazotoka bandari ya Dar es Salaam huingia Burundi. Upande wa pili ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Burundi iko saa mbili mbele ya UTC na Tanzania saa tatu. Lori moja, hati moja, dakika moja: Kabanga ni saa tatu asubuhi, Kobero ni saa mbili.

Tofauti hiyo haiitwi kufurika. Ni suala la majira, na suluhisho lake linajulikana: hifadhi kila wakati kwa UTC, kisha uonyeshe kwa saa ya mahali. Katika hazina ya kimataifa ya majira inayotumiwa na kompyuta, Burundi bado inatajwa kwa jina la Africa/Bujumbura, hata baada ya Gitega kufanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, na jina hilo linafuata kanuni za Maputo. Dar es Salaam inafuata za Nairobi.

Lakini mambo haya mawili hukutana ukingoni. Waandishi wengi wa programu, wanapotaka kuandika "kibali hiki hakina mwisho", huweka tarehe Desemba 31, 9999, saa 23:59:59 UTC. Katika lugha ya Python hiyo ndiyo siku ya mwisho inayokubalika. Sasa programu iombwe kuionyesha tarehe hiyo kwa saa ya Gitega. Inajumlisha saa mbili, inavuka mwaka 9999, na Python inatoa kosa la OverflowError. Hakuna aliyeandika tarehe mbaya. Kosa limezaliwa wakati wa kuonyesha tu, mbele ya karani ambaye hakufanya lolote isipokuwa kufungua ukurasa.

Msimamo wa kwanza: iachwe izunguke

Jibu la zamani kuliko yote ni kuiacha hesabu irudi mwanzo, kama kipimo cha kilomita cha lori kinavyorudi sifuri tarakimu zikiisha. Nguvu yake ni wepesi: mashine haikagui chochote, na kwa vifaa vidogo hilo lina thamani.

Msimamo huu una mahali pake halali. Kwa kaunta ya kupimia muda mfupi, kutoa namba ya awali kwenye namba ya sasa hutoa jibu sahihi hata kama kaunta imezunguka mara moja katikati. Maelezo ya lugha ya Java kuhusu nanoTime, zana yake ya kupima muda, yanawaelekeza waandishi wafanye hivyo hivyo: watoe, kisha waangalie kama jibu liko chini ya sifuri, badala ya kulinganisha namba mbili moja kwa moja. Watengenezaji wa mfumo wa Linux walikwenda mbali zaidi. Kaunta ya mapigo ya mfumo huanzishwa ikiwa imebakiza dakika tano tu izunguke, ili mwenye msimbo mbovu aumbuke baada ya dakika tano badala ya baada ya wiki kadhaa.

Udhaifu wake ni ukimya. Windows 95 iliweza kuganda baada ya siku 49.7 za kuwashwa mfululizo, muda ambao milisekunde hujaza biti 32. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kila baada ya kipindi fulani, kwa sababu kaunta ndani ya vidhibiti vya majenereta ingefurika baada ya siku 248 na ndege kupoteza umeme wote wa majenereta. Katika lugha ya C hali ni mbaya zaidi: namba yenye alama inapofurika, kiwango cha lugha hakiahidi lolote, na mkusanyaji wa msimbo (compiler) ana haki ya kufuta hata ukaguzi uliowekwa na mwandishi. Toleo la C23, lililochapishwa mwaka 2024, hatimaye limeleta kazi za kujumlisha zenye ukaguzi katika maktaba yake sanifu.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye JavaScript, lugha ya karibu kila tovuti. Mtu anaweka kikumbusho cha siku 30 kwa amri yake ya setTimeout. Siku 30 ni milisekunde 2,592,000,000, na kikomo ni 2,147,483,647, yaani kama siku 24.8. Kikumbusho cha mwezi ujao kinalia papo hapo.

Msimamo wa pili: kusimama na kusema

Kundi la pili linasema hesabu isiyo na jibu isimame. Python hutoa kosa. Zana za wakati zilizoingizwa katika Java 8 mwaka 2014 hutoa kosa pia. Lugha ya Rust husimamisha kazi ukijumlisha muda mkubwa mno kwenye alama ya wakati, hata katika toleo la mwisho la programu ambamo hesabu za kawaida za namba huachwa zizunguke.

Faida ni ukweli: data mbaya haiingii kwenye daftari, na kosa linajulikana mstari lilipotokea. Hasara ni kwamba mashine nzima inaweza kuanguka kwa sababu ya hesabu isiyo na umuhimu. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya dakika moja baada ya kuruka. Namba ya mwendo ilikuwa kubwa kuliko biti 16 zilizotengwa, kosa likatolewa bila wa kulipokea, na kompyuta zote mbili za uelekeo zikazima. Hesabu yenyewe ilirithiwa kutoka Ariane 4 na haikuwa na kazi tena baada ya roketi kuondoka ardhini. Haukuwa wakati uliofurika pale, ila somo ni lile lile: kosa linaloonekana linasaidia pale tu mtu amepanga nani alipokee.

Kuna hatari nyingine. Tarehe ikitoka kwa mtu wa nje, mathalani kwenye fomu ya mtandaoni, anayejua ukingo ulipo anaweza kuingiza mwaka mkubwa kwa makusudi na kuiangusha huduma kila anapotaka.

Msimamo wa tatu: jibu, au taarifa kwamba halipo

Hapa maktaba hairudishi tarehe tupu. Inarudisha kitu chenye hali mbili: ama kuna tarehe, ama hakuna. Rust ina checked_add kwa kazi hiyo, na mkusanyaji hakubali jibu litumike kama tarehe mpaka hali ya pili imeshughulikiwa.

Uzuri wake ni kwamba uamuzi unarudi kwa anayejua kazi. Programu ya mikopo inaweza kumwambia karani "muda huu haukubaliki". Programu ya kusubiri mtandao inaweza kuchagua kusubiri bila kikomo. Pia msimamo huu unashughulikia tatizo ambalo wengi hawalioni: ukingo haufanani kila mahali. Katika Rust, wakati wa kalenda huhifadhiwa kwa namna ya mfumo uliopo chini, Linux kwa namna yake na Windows kwa namna yake. Kujumlisha kunakofaulu kwenye mashine ya mwandishi kunaweza kushindwa kwenye mashine ya ofisi.

Gharama ni uzito. Mstari mmoja unakuwa mitatu, na aliyechoka huandika amri ya "toa jibu kwa nguvu", ambayo inamrudisha kwenye msimamo wa pili bila yeye kufikiri.

Msimamo wa nne: kubana ukingoni

Kundi la nne linasema jibu likizidi, lishikwe kwenye thamani ya mwisho inayowezekana. Go hufanya hivyo inapotoa wakati mmoja kwenye mwingine, kwa kuwa muda wake hauwezi kupita takriban miaka 290. Java hufanya hivyo inapobadili vipimo vya muda kupitia TimeUnit. Rust ilihamia huko kwa sehemu: zamani, ukipima muda uliopita na saa ikaonekana imerudi nyuma kwa hitilafu ya mashine au ya mfumo, programu ilisimama. Tangu toleo la 1.60 la Aprili 2022, jibu ni sifuri.

Kwa kusubiri, ubanaji ni busara. Anayeomba kusubiri miaka 500 anamaanisha "subiri tu", na miaka 290 inamtosha. Kwa kumbukumbu za kudumu ni sumu. Mikataba miwili yenye tarehe tofauti ikibanwa, yote inapata tarehe moja. Mpangilio wa nani alitangulia unapotea, na hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba tarehe ile imetengenezwa na mashine. Mkaguzi atakayefungua faili miaka kumi baadaye ataisoma kama ukweli.

Msimamo wa tano: kupanua chombo

Wengine wanauliza kwa nini kubishana juu ya ukingo badala ya kuusogeza. Sekunde zikihesabiwa kwa biti 64, nafasi inatosha kwa miaka bilioni 292. Mfumo wa OpenBSD ulihama mwaka 2014. Kiini cha Linux kiliwezesha mashine za biti 32 kuvuka 2038 kuanzia toleo la 5.6, Machi 2020. Maktaba ya C ya glibc ikafuata mwaka 2021, na Debian 13, toleo la mfumo wa Linux lililotoka Agosti 2025, ilihamisha karibu mashine zote za biti 32 inazozihudumia.

Upanuzi ni wa lazima, ila una mipaka mitatu. Kwanza, faili na hifadhidata za zamani hazipanuki zenyewe: safu ya aina ya TIMESTAMP katika hifadhidata ya MySQL bado inaishia Januari 19, 2038, hata kwenye seva mpya. Pili, nafasi iliyopatikana huliwa na vipimo vidogo zaidi. Biti 64 zikihesabu nanosekunde badala ya sekunde, zinatoka mwaka 1677 hadi 2262 tu, na tarehe ya "hakuna mwisho" ya mwaka 9999 haiingii. Tatu, kifaa kilichofungwa ukutani hakipanuliwi kwa mbali. Mita za STS zilizosasishwa hazikuongezewa biti hata moja. Zilihamishiwa mwanzo mpya, Januari 1, 2014, na dakika zake zitajaa Novemba 2045.

Kupima kwa kazi iliyopo

Misimamo hii hugongana inapotakiwa itumike mahali pote. Ikipimwa kwa kazi, mingi inapata nafasi yake.

Kwa daftari la mikopo Gitega, hati ya forodha Kobero, au cheti cha kuzaliwa popote pale, tarehe ni ushahidi. Ushahidi wa uongo ni mbaya kuliko kukosa jibu. Hapa kuzunguka na kubana havifai. Hesabu inayovuka ukingo ikataliwe, na karani aambiwe kwa lugha anayoielewa.

Kwa programu ya kutuma pesa inayosubiri majibu ya mtandao, kusimama kwa sababu saa imeonekana kurudi nyuma ni hasara bila faida. Ubanaji ndio unaofaa, mradi upimaji ufanywe kwa saa ya kupimia muda. Muda wa kusubiri ukipimwa kwa saa ya kalenda, hakuna namna ya kushughulikia ukingo itakayousahihisha.

Kwa kifaa kidogo kisicho na nafasi, kuzunguka kunakubalika kwa sharti la jibu kutafutwa kwa kutoa, na kwa muda ulio mfupi kuliko mzunguko mzima.

Inabaki chaguo la msingi, lile linalotokea mwandishi asiposema kitu. Hapo hoja ya wepesi haina uzito tena: ukaguzi wa jumla moja ni gharama ndogo mno kwa mashine za leo, ilhali kutafuta tarehe mbovu ndani ya hifadhidata ya miaka mingi ni kazi ya miezi. Hoja ya kubana kwa siri nayo inaangushwa na ukosefu wa alama. Maktaba iliyo salama, basi, ni ile ambayo kwa kawaida hukataa kwa uwazi, inatoa njia nyepesi ya kupata jibu la hali mbili, na inaweka kubana na kuzunguka chini ya majina yake ili anayevihitaji aviombe mwenyewe. Rust imekaribia hapo zaidi kuliko lugha nyingine zilizotajwa, ingawa mwandishi anayetumia alama ya kujumlisha bila kufikiri bado anaweza kuiangusha huduma yake.

Muhtasari

Kuzunguka ni kwepesi lakini hudanganya kimya. Kusimama husema kweli lakini huhitaji mpokeaji. Jibu la hali mbili humpa uamuzi anayejua kazi, kwa gharama ya maandishi zaidi. Kubana hufaa kwa kusubiri na huharibu kumbukumbu. Kupanua ni lazima, ila hakuondoi haja ya kuamua ukingoni.

Walimu wa programu wa Gitega wana nafasi ya kulifundisha hili mapema, kwa zoezi la saa moja: wanafunzi waandike mkopo wa miaka 15, wabadilishe tarehe ya mwaka 9999 iwe ya saa ya Burundi, wapange kikumbusho cha siku 30, kisha waone lugha yao inajibu nini. Na kila ofisi, iwe Gitega au Muyinga, imuulize aliyeitengenezea programu maswali mawili kabla ya malipo ya mwisho: tarehe zinahifadhiwa kwa biti ngapi, na zikizidi, nani anaambiwa?

Mikopo na vibali vinavyovuka Januari 2038 vinaandikwa sasa. Maswali hayo yaulizwe sasa.